Siku Hoskie Alipoambiwa Afe

Hoskie Keyonnie alikuwa Mnavaho, wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani, mchunga kondoo, mpole, mtu wa farasi. Watu wa filamu walipokuja kwenye bonde la miamba myekundu, walimchukua yeye na wenzake, wakawavika manyoya ya kabila jingine, wakawaambia wawafukuze walowezi wa kuigiza kwa mayowe. Kazi hiyo aliipenda. Mbele ya kamera walikuwa wakipayuka kwa Kinavaho kwamba bosi wa filamu ana miguu ya kuku, naye bosi, asiyeelewa neno, akiwapigia makofi.

Asubuhi moja bosi akamnyooshea kidole. Nakai, shemeji yake, ndiye aliyekuwa mkalimani. "Anasema leo unapigwa risasi, unaanguka, unakufa."

Desbah, mkewe, alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake. Na kwa Wanavaho, mume wa mjamzito hata mzoga wa mbwa hautazami, sembuse kujilaza akawa maiti mwenyewe. Balaa lake humwangukia mtoto.

"Mwambie mke wangu ana mimba."

"Nimemwambia. Anakupa hongera."

"Nakai, usinitanie!"

"Sasa nifanyeje, shemeji? Lala tu. Ila usikorome, watajua hujafa."

Wenzake wakacheka. Hoskie akaona haya kukataa. Akapakwa rangi nyekundu kifuani, bunduki zikalia, akajiangusha mchangani. Akalala macho wazi, akijiambia aliye macho hajafa.

"Afumbe macho!" bosi akafoka.

Akafumba. Nzi wakatua mdomoni mwake. Moyo ulimdunda akadhani kamera itausikia. Mara mwigizaji mmoja akamfunika blanketi gubigubi, uso na vyote.

Hoskie akaruka, akalitupa blanketi, akatimua mbio.

"Marehemu, rudi!" Nakai akapiga kelele. Lakini sasa wenzake hawakucheka. Walimpisha njia mbali, asije akawagusa.

Alipofika kwake hakuthubutu kuingia. Akaita kwa mbali, "Desbah! Mtoto anacheza?"

Desbah akajibu kutoka ndani, "Tangu asubuhi hajacheza. Kwani umefanya nini?"

Akamweleza.

"Hoskie! Usiukanyage mlango huu. Kamlete mzee Nez."

Mzee Nez, mwimbaji wa tiba, alimsikiliza bila kumkatiza. Walipofika nyumbani kwa Hoskie akasema, "Tuanze na wewe. Wewe ndiye uliyekufa." Akamkosha kwa povu la mizizi ya yuka, sabuni yao ya jangwani, mpaka rangi ikamtoka yote, kisha akaketi karibu na mlango akaanza kuimba, polepole, wimbo juu ya wimbo. Jua likageuka, likashuka. Hoskie hakuusikia wimbo hata mmoja vizuri. Alikuwa ametega sikio ndani ya nyumba tu.

Mwisho Desbah akaita. "We baba, huyu amenipiga teke!"

Hoskie akageuka kuelekea mlangoni. "Sema tena," akamwomba.

"Kanipiga teke, nakwambia! Na hili jingine."

"Sema tena."