Maikrowevu Iliyosingiziwa

Hapa Kalangalala mafundi wa simu ni wengi hadi wanagombania wateja, lakini mtu wa kufungua maikrowevu na kuifunga ikapona, namjua mmoja: Melania. Kibanda chake kinapakana na changu cha cherehani. Mwaka wa kwanza sikumpa hata salamu ya maana, nikijiambia huyu mwanamke shoti itamuua kabla ya Krismasi. Huu ni mwaka wa saba, na pasi yangu haigusi mtu mwingine.

Asubuhi moja mwaka jana alikuja Anisia, mke wa Mzee Mayala, na maikrowevu kichwani, kaifunga kwa kanga. Akaitua mezani kwa kishindo.

"Mayu, shikamoo," Melania alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Chukua dude lako. Limetoa mimba mbili za mkamwana wangu Loveness. Sasa ana ya tatu, miezi mitano. Hii haliipati."

Mimi ningepandisha sauti, nakiri. Melania aliuliza tu, "Mayu, ya kwanza ilitoka lini?"

"Mwaka juzi, tukivuna pamba."

"Na mashine uliinunua kwangu lini?"

Anisia akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Aliinunua Krismasi ya mwaka huohuo, miezi baada ya msiba wa kwanza.

"Basi twende nyumbani," Melania alisema, akajitwisha mashine mwenyewe. Nikafunga kibanda nikawafuata. Hakuna aliyeniita, lakini umbea nao unataka kuhudhuriwa.

Jikoni kwa Anisia aliichomeka, akakagua bawaba na komeo la mlango, akaweka kikombe cha maji ndani na kuiwasha. Akapitisha pembeni mwa mlango kipimo chake kidogo, kile kinacholia mawimbi yakivuja, na hakikulia. Muda wote amesimama palepale, tumbo limeielekea mashine.

"Mayu, mawimbi yanapasha maji yaliyo ndani ya chakula. Huu wavu wa chuma kwenye kioo unayazuia yasitoke. Ukifungua mlango yanakatika papo hapo, hayabaki chumbani wala kwenye chakula. Mlango ukipinda au ukikataa kufunga sawasawa, hapo usiitumie, niletee. Mwenye kuuawa na mashine hii ni fundi anayeifungua ovyo. Loveness yuko wapi?"

"Uani," Anisia alijibu kwa majivuno. "Tangu mimba ijulikane, jikoni hakanyagi. Hata zile mbili zilizotangulia nilikuwa namwambia akae nje, apate hewa."

Tukazunguka nyuma. Loveness alikuwa kwenye kigoda akichambua maharage, hatua tatu kutoka jiko la mkaa. Kwenye jiko hilo Mzee Mayala, mchimbaji wa siku nyingi, alikuwa anachoma dhahabu kama kila wiki: donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, unalipiga moto, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Nimeiona kazi hiyo tangu utotoni, sikuwahi kuiwazia lolote.

Melania alimwinua Loveness bila kumsalimia, akamvusha hadi upande upepo unakotokea, mbali. Ndipo akapiga goti, kama binti yeyote wa Kisukuma mbele ya mkubwa, na kumwita mzee aache moto aje.

"Shikamoo, baba. Zebaki haipotei. Inageuka hewa, hata harufu haina. Tunaivuta sote, na aliye tumboni inamfikia kupitia kwa mama yake. Ni sumu."

"Nimechoma miaka thelathini. Mbona mimi mzima?"

Alisema hivyo ameinua mkono, na mkono ukawa unatetemeka. Miaka yote tumeuona ukitetemeka, tukasema uzee. Mzee Mayala ana miaka hamsini na minne. Melania aliutazama. Mzee naye akautazama.

"Kwa hiyo wajukuu zangu... ni mimi?"

"Sijui, baba. Mimi ni fundi wa vyombo, si daktari. Aende kliniki leo, awaambie habari ya zebaki, wasiposikia awaambie tena. Ninachojua ni kwamba hewa hii inaumiza, na haifai karibu naye."

Ningekuwa mimi, ningempoza mzee kwa uongo. Yeye alibaki amepiga goti, akampa ukweli wote na heshima yote kwa pamoja. Nilimwonea fahari.

Anisia alimshika mkamwana wake mkono, akamwingiza mwenyewe jikoni, akamketisha kando ya maikrowevu wakati akimtafutia kadi ya kliniki. Mzee alipiga hatua kuwafuata, akasita.

"Na nguo zangu?" alimuuliza Melania. "Zinaibeba hiyo hewa?"

"Zinaibeba, baba."

Mzee Mayala alikuwa hajawahi kukaa kifua wazi mbele ya mkamwana wake, hata jua liwake vipi. Alifungua vifungo kimoja kimoja kwa ule mkono unaotetemeka, akavua shati, akaliacha chini uani.