Maji Juu ya Vumbi la Alumini

Kaka yangu alikuwa akiyeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria, kwenye banda la mbao nyuma ya soko la Mbulu. Vumbi lililotoka kwenye kung'arisha alilikusanya kwenye kiroba, na nyumbani tuliliita unga. Jina hilo lilinikera tangu nisome kemia chuoni. Nani anaogopa unga?

Asubuhi moja cheche za grenda, ile mashine ya kukatia chuma, ziliangukia kile kiroba. Hapakuwa na ndimi za moto, wekundu tu uliotambaa taratibu ndani ya vumbi. Nikamwambia kaka tumwagie mchanga mkavu. Yeye alikuwa ameinama, anakivuta kisiguse ukuta, maana banda hilo ndilo lililotulisha sote.

Kwetu, ukienda kuzima moto wa jirani ni mwiko kurudi na maji kwenye ndoo. Ukirudi nayo, watu watasema ulitaka ateketee. Majirani walifika na ndoo zimejaa. Nikasimama mlangoni mbele ya mzee wa nyumba ya pili.

"Shikamoo, baba. Maji hapana. Hilo vumbi litalipuka."

"Marahaba. Sasa tuuzime kwa shikamoo?"

"Kwa mchanga, baba."

Mama mmoja nyuma yake akacheka. "Chuo kimemfundisha kuogopa maji, huyu."

Nilianza kueleza kwamba alumini inayowaka huyanyang'anya maji oksijeni, ikabaki gesi inayolipuka. Sikufika mwisho. Mzee alinyoosha mikono juu ya bega langu, akamwaga.

Mwanga ulikuwa mweupe kuliko jua. Ukafuata mshindo, na mabati ya paa yakaangukia uani. Mzee na mimi tuliangushwa tu. Kaka alikuwa bado ameinamia kiroba.

Jumapili baada ya ibada mzee huja kumjulia hali. "Ningerudije na maji, mwanangu?" aliwahi kumwambia.

"Najua, baba," kaka akajibu. "Hata mimi ningemwaga."

Nilitaka kubishana nao wote wawili. Nikaenda jikoni.

Daktari wa macho ametuambia hakuna tiba iliyobaki, tusirudi. Kaka hakubali. Kila asubuhi anakaa sebuleni, ananyoosha kidole na kuniuliza kama pale dirishani kuna mwanga, kwa sababu ameanza kuuona kidogo.

Dirisha liko nyuma yake. Namwambia ndiyo.