Picha Aliyotikisika Shaame

Nikifungua kasha langu, harufu ya karafuu kavu hunipanda puani kabla sijaona kitu. Mama alikuwa akizitia chini ya nguo kuzuia wadudu, nami sijauacha mtindo huo. Wajukuu hukaa jamvini nikawatolea picha moja moja: ya harusi yangu, ya skuli, ya safari ya Hija. Wakiniuliza naipenda ipi, huwaonyesha ile mbovu kuliko zote. Wao nawaambia nusu tu ya habari zake. Nyinyi nitakwambieni yote.

Ilipigwa Wingwi, nyuma ya nyumba yetu, miaka ile ya vita nguo zilipokuwa adimu. Baba alikuwa amekwishafariki. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa karani Unguja, na msimu ule wa karafuu alikuja kuchukua mtoto mmoja akamsomeshe mjini. Tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Shaame. Mimi mkubwa, mimi niliyekwishafika mbali katika Kurani, sikuwa na shaka ni nani atakayekwenda. Asubuhi moja mama akasema, huku akipepeta mchele, kwamba Shaame atakwenda na mjomba wake.

Wivu ulinishika. Kwa miezi mama alikuwa akishona kofia ya viua, akitoboa tundu moja moja kwa sindano mpaka machozi yakimtoka. Akienda kisimani, nilikuwa nikiijaribu kwa siri, nayo ilinikaa sawasawa. Siku hiyo akamvisha Shaame. Ikamshuka mpaka masikioni, na bado mama akamtazama kama anayetazama mwezi wa Idi.

Mjomba akamleta mpiga picha kutoka Wete, mzee mfupi mwenye kamera ya miguu mitatu, ili mama abaki na sura ya mwanawe. Shaame akavishwa na koti la mjomba. Mimi nilikuwa na kanzu yangu ya chuo cha Kurani, yenye doa la embe kifuani.

"Simameni kama mnaswali," yule mzee alituambia. "Kioo cha kupigia picha kimenibakia hiki kimoja. Atakayetikisika, shetani atachukua sura yake!"

Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Mama alikuwa nyuma ya mlango, kanga mdomoni, maana wanawake wa kwetu hawakusimama mbele ya mwanamume wa nje. Nilimwona akichungulia, na nilijua hanichungulii mimi. Nikapitisha mkono nyuma ya lile koti, nikamfinya Shaame kiunoni kwa kucha, nikasokota.

Hakulia. Alijipinda tu, kisha akasimama tena wima.

Picha ilipoletwa, Shaame alikuwa keshaondoka. Mimi nilitoka safi, hata doa la embe lilionekana. Pembeni yangu palikuwa na koti, na juu ya koti wingu. Mama aliitazama muda mrefu. "Katikisika," alisema. "Mwanangu huyu hatulii." Kisha akaitundika ukutani.

Nilidhani nimeshinda. Lakini kila mgeni alipoingia, kidole kilikwenda kwenye lile wingu.

"Huyu asiye uso ndo nani?" aliuliza mgeni mmoja, Bi Mize.

"Ndo Shaame wangu," mama alijibu, akaanza kueleza macho yake, kovu la kidevuni, anavyocheka akiwa na chakula mdomoni.

"Na huyu alokodoa macho kama kabanwa na mlango?"

"Ndo huyo hapo, anakula muhogo."

Basi. Habari zangu zilikwisha hapo. Nilizidi kumchukia mtoto ambaye hata hakuwapo, na likizo aliporudi sikumsemesha ila kwa lazima.

Miaka mingi baadaye, tulipomaliza khitma ya mama, mjomba, sasa mzee wa mkongojo, alinigeukia.

"Faki, unajua mie nilikuja kukuchukua weye? Mtoto mkubwa ndiye aliyefaa. Mamako akakataa katakata. Akanambia, 'Kaka, Shaame mchukue. Lakini Faki ukinitolea humu ndani, sitoweza.'"

Nilishindwa kumeza tende iliyokuwa mdomoni. Nikamtazama Shaame, upande wa pili wa jamvi, nikitaraji kumwona ameduwaa kama mimi.

"Mie nilikuwa najua," alisema polepole. "Nilikuwa nimelala chumba cha pili. Nilimsikia mama kabla ya ile picha."

Akanisogezea kikombe cha kahawa, kwa sababu aliona tende imenikwama.

Nilikuwa nikiitazama picha ile miaka yote nikidhani mwenye wivu hapo ni mmoja. Kumbe yule mtoto ndani ya koti la kuazima alikwishasikia kwamba yeye ndiye wa kutolewa, na aliyebakishwa yuko ubavuni mwake, karibu kabisa na mkono wake. Naye, hata nilipomfinya, aliuacha mkono wake ulipo.