Jiwe la Kabambare lililokataa sukari ya Mbelgiji

Habari za humu, wakuu. Hii sijaitunga. Ni ya babu yangu, na ushahidi wake uko dirishani kwangu.

Babu alikuwa mtu wa kuhamahama, kama mimi. Enzi za Wabelgiji alitoka Ujiji kwa meli hadi Albertville, ng'ambo ya ziwa, akapanda treni hadi Kabalo, kisha malori na miguu mpaka Kasongo. Alifika kavimba nyayo. Hapo akaajiriwa kubeba vifaa vya mtaalamu mmoja wa mawe, Mbelgiji, wakaenda Kabambare.

Kulikuwa na chemchemi ya maji ya moto. Mama Sakina, mwenyeji wa pale, na wenzake walichemsha maji yake kupata chumvi. Mawe ya pale yalivaa ngozi nyeusi inayong'aa. Ukiikwangua inarudi, ila polepole mno. Mahali alipokwangua mama mzazi wa Mama Sakina, miaka mingi nyuma, palikuwa bado hapajaziba.

Wachimba dhahabu walitaka kulipua yale mawe wapitishe mfereji. Mtaalamu akasema ngozi ile ikiwa ni kiumbe hai, ataomba paachwe.

Kwa hiyo chumvi ya akina mama ikategemea hadubini yake itaona nini.

Akaiwekea ile ngozi sukari. Akaiwekea mchuzi wa nyama. Akaitia rangi ya kupimia uhai. Haikubadilika.

"Haikukula kitu," akamwambia Mama Sakina. "Iko jiwe tu."

"Bwana, nikikupatia majani ya mbuzi, utakula?"

"Hapana."

"Basi weye uko mufu?"

Mbelgiji alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika: jiwe.

(Sekondari tulifundishwa kwamba viumbe vyote vimejengwa kwa malighafi zilezile. Siku hizi nasoma kuna wanasayansi wanaojiuliza kama hapahapa duniani upo uhai wa kemia nyingine, usioonekana kwa sababu vipimo vyetu vinatafuta wanaofanana na sisi.)

Walilipua asubuhi. Maji ya moto yakapotelea chini.

Mama Sakina akakusanya vyungu vyake, akampa babu kipande cha jiwe. "Beba hii, mwanangu. Kule unaenda, uitafutie chakula yake."

Babu akaondoka siku ileile. Hakurudi tena Kabambare.

Nilichojifunza: kutokiona kitu si sawa na kitu kutokuwepo.

Jiwe nimehama nalo miji mingi. Lina mkwaruzo wa kisu cha babu, alioupiga aone kama ngozi itarudi, na kila nikilitazama naona kama umepungua, halafu naona kama haujapungua.

Mwenye wazo la kumlisha nini, aandike hapo chini.