Ufunguo wa Pikapu ya Mama

Shemeji yangu alipoanza kuendesha pikapu ya mama, mama alihamia nyuma, juu ya magunia. Hakufukuzwa na mtu. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwilima wake, yaani mume wa binti yake, hawakai bega kwa bega, hawali sahani moja, na wakiwa na neno la kuambiana humpa mtu wa tatu alifikishe. Kwa hiyo mama, ambaye nilipomwendesha mimi alikaa kiti cha mbele na kunikaripia tangu Nkololo hadi Bariadi, sasa alikaa juu ya mpunga, kajifunika turubai, mvua ikimnyeshea, na bado alikuwa anatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililoniua.

Nilikuwa na wivu. Sisemi nililihofia gari, wala sisemi nilimwonea uchungu mama kwa kulowa. Wivu, ule wa kumfanya mtu asusie ugali. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki kila siku, tena nilinenepa.

Sababu haikuwa gari peke yake. Mdogo wangu aliolewa Mwandoya kwa ng'ombe wazuri, na ng'ombe hao bado wamo zizini kwetu. Mimi niliachika, na wa kwangu wakaswagwa kurudi walikotoka, majirani wamesimama wanaangalia. Tangu siku hiyo kitu pekee cha kunitetea mbele ya mama kilikuwa ile pikapu. Alikuwa ameinunua kwa biashara yake ya mpunga, kuukuu, ya gia za mkono, imechoka hadi inatia huruma, nami nikaifufua. Halafu huyu mkwilima akaja Nkololo kutafuta maisha, akamwacha mkewe Mwandoya na mtoto mchanga, akapanga chumba senta. Akasema amewahi kuendesha malori. Mama akatangaza kwamba masika haya tutaendesha kwa zamu, na mvua zikiisha ataamua ufunguo ukae kwa nani moja kwa moja.

Malori! Malori ya lami hayajui mbuga zetu. Udongo wake mweusi ukilowa unanata kama bada, ugali wa muhogo. Unajipenyeza kwenye maungio ya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, unakaukia humo na kula chuma polepole. Kila niliporudi safari nililala chini ya gari, nikachokoa tope kwa kijiti, nikasukuma grisi mpya mpaka ile chafu itoke yote. Maji nayo yana ujanja wake. Difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ambamo gia huogelea kwenye oili, ina kitundu cha kupumulia. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi ikiwa na moto wa safari, hewa ya ndani husinyaa na difu huvuta pumzi. Kama kitundu chake kiko majini, itavuta maji. Mimi nilikuwa nimevivalisha vitundu vya difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, mipira mirefu, nikaipandisha hadi chini ya boneti ili difu zipumulie pakavu. Haikuwa mizuri kutazama. Kila mmoja ulikuwa na rangi yake, na nilikuwa nimeifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli.

Siku moja shemeji aliipeleka pikapu Bariadi ikaoshwe. Ilirudi inang'aa, matairi yamepakwa dawa, chini imepuliziwa oili chafu mpaka inameremeta. Mama alitoka jikoni akapiga vigelegele peke yake.

"Bebe," akaniita, yaani wewe, "mwambie mkwilima amenipa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtoto wangu yeyote."

Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wao, ndiyo balaa lenyewe. Kila sifa aliyomwagiwa yule bwana ilipita kwanza kwenye mdomo wangu. Nilivuka uwanja nikamkuta amesimama kwa adabu, uso ameuinamisha, anasubiri.

"Mama anashukuru," nikasema. Nyingine zote nilizimeza.

Kesho yake ilikuwa zamu yake, nami nikaenda kumsaidia kupakua. Kati ya Nkololo na mjini kulikuwa na korongo lililokuwa limefurika kwa mvua ya usiku. Alisimamisha gari ukingoni, nikashuka na fimbo kupima kina, maji yakanifika juu ya magoti. Niliporudi niliinama kutazama chini ya gari, kwa mazoea tu. Vitundu vya difu vilikuwa wazi, havina kitu.

"Shemeji, mipira iko wapi?"

"Ipi? Ile mikia? Niliwaambia vijana wa kuoshea waikate. Gari la mama lilikuwa kama mgonjwa aliyetoroka wodini."

Nikamwambia basi tusubiri difu zipoe kwanza, na akishaingia majini abaki na gia ileile, asikanyage klachi mpaka ng'ambo, maana akiikanyaga maji na tope vitapenya katikati ya sahani zake.

Akacheka, akaegemea usukani. "Hayo anasema mama, au unasema wewe?"

Mama alikuwa nyuma yetu, juu ya magunia, na alikuwa anasikia kila neno. Alijua kwamba pale husubiriwa. Mara ngapi tumesubiri naye palepale, yeye akishuka kuchuma mlenda pembeni mwa njia wakati gari linapoa! Nilimtazama. Kumwambia mkwilima hakuweza, lakini mimi aliweza kuniambia, hakuna mila inayokataza. Neno moja tu lingetosha. Mama alitazama maji, akavuta turubai hadi kidevuni. Hakuwa tayari kumwaibisha mtu ambaye ng'ombe wake wamo zizini, tena mbele ya mtu ambaye wa kwake hawamo.

"Nasema mimi," nikajibu.

"Haya, panda twende."

Tukaingia. Katikati ya korongo gari lilisita, nami nikaona mguu wake wa kushoto unashuka kwenye klachi. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, akaachia, gari likaruka mbele kwa harufu ya kitu kinachoungua. Tukatoka. Nyuma nilimsikia mama anapiga makofi. Shemeji akanigeukia, "Umeona?" Niliona, na roho iliniuma kwa sababu tulikuwa tumevuka. Nilitamani lizime palepale, maji yaingie hadi kwenye viti, mama aone kwa macho yake.

Haikupita wiki difu ya nyuma ikaanza kulia. Siku hiyo gari lilikuwa kwangu. Nikalala chini, nikafungua nati ya oili, ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilimwita mama kwa sauti ya harusi.

"Mayu, njoo uone kazi ya mkwilima wako!"

Alikuja, akachuchumaa, akachovya kidole kwenye beseni, akakifutia kwenye kanga. Alijua maana yake, kwamba maji yameingia kwenye oili, kwa sababu nilishamweleza mara nyingi kuliko alivyopenda. Mimi nikangoja. Nilikuwa nimengoja tangu ng'ombe wangu walipotolewa zizini.

"Tengeneza," akasema. "Na yeye asijue."

"Asijue? Ameharibu yeye!"

"Mkwilima hagombezwi, ng'wanone, mwanangu."

Nikatengeneza. Nilimwaga oili zote, hadi ya giaboksi, nikasafisha difu kwa dizeli, nikabadilisha sili za kuzuia oili isivuje, nikafunga mipira mipya. Shemeji alipolichukua zamu yake akajisifu mbele ya watu senta, eti gari limelainika tangu alipoanza kuliendesha yeye. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Mvua zilipokatika mama aliniita jikoni. Alikuwa ananyonyoa kuku. Alifuta mikono, akatoa ufunguo kwenye pindo la kanga, akaniwekea kiganjani.

"Ukae kwako."

Nilikuwa nimeiota siku hiyo, lakini kwenye ndoto kulikuwa na maneno mengine. Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Mgongo wangu umechoka na magunia," akasema. "Halafu wewe ukiliharibu, nitakutukana mpaka nichoke. Yule nitamfanya nini?"

"Basi? Na kujua kwangu je?"

"Kujua nini?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. Akarudi kwenye manyoya yake.

Kuku yule alikuwa wa mkwilima, asije akadhani amedharauliwa. Alipoiva mama akampanga kwenye bakuli, akaniagiza nimwambie kwamba gari lile lingemchosha bure mtu mwenye heshima zake. Juu kabisa aliweka firigisi, kwa sababu kwetu firigisi ni ya mwanaume, nami nimezipika tangu utotoni bila kuonja hata moja. Nikaondoka na ufunguo kiunoni na bakuli mikononi, nimeshinda, na wivu umenikaba kuliko siku zote.

Nyuma ya zizi nilisimama, nikafunua bakuli, nikaila ile firigisi. Niliitafuna taratibu.

Shemeji alipokea kwa mikono miwili, nikamfikishia salamu zote za mama, neno kwa neno, bila kupunguza. Akafunua. Alisogeza paja, akasogeza bawa, akainua shingo akatazama chini yake. Kisha akaninyanyulia macho, nami nikamtazama bila kupepesa. Mkwilima hawezi kumuuliza mama mkwe firigisi iko wapi, na mtu pekee wa kumtuma akaulize nilikuwa mimi.