Filamu Ambazo Poonam Hakuziona

Kalpana, mzaliwa wa Mombasa, aliolewa na Raghava, mwongozaji wa filamu za Kitelugu asiyejua kupumzika. Kabla filamu moja haijafika kwenye majumba ya sinema, alishaanza kupiga nyingine. Kalpana alichoka kumngojea kule Hyderabad, India, akamchukua binti yao Poonam, wakahamia Wembley, London, kwa kaka yake.

"Nikimaliza hii nakuja," Raghava alisema kila alipopiga simu. Akamaliza filamu zaidi ya sitini, asije.

Mwaka jana Poonam aliugua figo. Kalpana akampigia mumewe huku analia. Raghava akaomba wiki moja tu, amalizie tukio la harusi. Alipofika Wembley, maiti ya binti yake ilikuwa imeshachomwa.

Aliketi kwenye kitanda cha Poonam, koti bado mwilini.

"Mama Poonam, alipenda filamu yangu ipi?"

"Hakutazama hata moja," Kalpana alimjibu. "Alisema atazitazama ukija, mkae pamoja."

Raghava akajiinamia, akalia kwa kwikwi. Kalpana alikuwa amemwekea maneno makali miaka yote hiyo, lakini siku ile hayakumtoka. Aliketi kando yake, wakalia wote wawili mpaka kaka yake alipokuja kuwaita wakale.