Sala ya Bibi kwenye Chapati ya Kijapani

Leo kabichi imeniungulia kidogo kikaangoni, na harufu yake imenirudisha Tunduma, kwenye mgahawa wa chapati za Kijapani. Mengine sina hakika nayo, ila bamba la moto lilikuwa katikati ya meza, hilo nalikumbuka. Mhudumu alitumwagia mimi na Bibi, kila mtu wake, unga uliokorogwa na mayai na kabichi, ukalia chwaaa, nami nikashindwa kutulia kitini.

"Ukingo ukikauka, mgeuze wenyewe," alisema, akatuachia miiko ya chuma.

"Kwanza tuombe," alisema Bibi, aliyenileta kutoka kijijini kwetu Hasamba.

Aliombea kahawa yetu shambani, wagonjwa, na ndugu zetu wa upande wa Zambia. Moshi ukanifika puani. Kufumbua macho kwenye sala nilijua ni dhambi, lakini chapati niliyoiota wiki nzima ilikuwa inaungua. Nikafumbua jicho moja.

Bibi alikuwa amefumbua yote mawili, anageuza chapati yake. Kwa haki niseme, sala hakuikatiza.

"Na huyu mjukuu wangu, Bwana," aliendelea kwa sauti ileile, "mkumbushe ageuze na ya kwake. Amina."